Acha Faili Ipoe

Siku ya kwanza ya kazi yake mpya, baba yangu alirudi nyumbani saa tano asubuhi, amenuna. Mama alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alimtazama, akautazama mkoba wake, kisha akauliza kama ofisi imeungua.

"Haijaungua," baba akasema. "Kazi imeisha."

"Imeisha namna gani? Wamekufuta siku ya kwanza?"

"Imeisha! Faili zilikuwa kumi na mbili, nimezisoma zote. Yule karani ananiangalia kama mtu aliyekula chakula cha wageni."

Mama alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Tulikuwa tunaishi West Indies, mtaa mmoja wa mji wetu, katika nyumba yenye paa jekundu na ua mdogo, na siku hiyo nzima baba aliuzunguka ua huo akitafuta mgonjwa. Alimkagua jogoo macho. Akamwita mtoto wa jirani atoe ulimi. Saa tisa mama alimpa jembe, akamwambia mchicha nao una homa.

Baba alikuwa daktari tangu kabla sijazaliwa. Alisomea Kampala enzi ambazo daktari Mwafrika aliitwa msaidizi hata kama Mzungu aliyemsaidia ndiye aliyekuwa akijifunza kwake. Baadaye, bendera ilipobadilika, alifanya kazi katika hospitali ambazo foleni zake zilifika getini, na huko akajifunza kutibu mbio. Alisema anaweza kuijua nimonia kwa kusikia kikohozi kule nyuma ya foleni, na upungufu wa damu kwa kupokea salamu tu. Kiganja kinasema yote, alikuwa akituambia, mtu akikupa mkono amekupa nusu ya ugonjwa wake. Kisha magoti yake yakakataa wodi. Serikali ikamhamishia kwenye ofisi ndogo mjini, kupima madai ya watu walioumia kazini: nani amebaki kilema, kwa kiasi gani, nani apewe fidia na nani arudi kazini.

"Wamenitoa machungani," alisema, "wakanifunga zizini na ng'ombe wazee."

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nikingoja barua ya chuo. Nilikuwa nimejifunza kupiga taipu, na ofisi ile haikuwa na mpigataipu, basi nikachukuliwa kibarua. Ndiyo maana niliyaona haya kwa macho yangu.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili vyenye sakafu ya mbao, na dirisha lililotazama barabara. Ilikuwa miaka ile ambayo mashamba ya masetla yalikuwa yakinunuliwa na vikundi, na watu walikuwa wakihamia kwenye ardhi yao kwa malori. Ungeweza kusimama dirishani ukaiona nyumba nzima ikipita: vitanda, mabati, mlango uliong'olewa ukiwa na kufuli lake, kuku ndani ya kikapu, na juu ya vyote bibi mzee ameketi, amefunga kitambaa kichwani, anautazama mji kana kwamba ni yeye aliyeununua. Nilikuwa nasahau herufi nikitazama. Kila lori lilikuwa kama ngano iliyoanzia mahali ambapo sikuwepo na kuishia mahali ambapo sitafika.

"Taipu haina macho barabarani," karani alikuwa akinikumbusha.

Karani huyu alikuwa mzee mwembamba mwenye sweta la viraka viwili kwenye viwiko. Alikuwa hapo tangu enzi za wakubwa wa Kizungu. Alikuwa na desturi moja ambayo baba hakuielewa kabisa. Daktari akishatia sahihi, faili haikwenda posta. Iliwekwa kwenye kisanduku cha mbao kilichokuwa chini ya dirisha, ikalala humo siku mbili.

"Inafanya nini humo?" baba aliuliza.

"Inapoa, Daktari."

"Inapoa? Kwani ni uji?"

"Uji ukikuunguza ulimi, unapona kesho kutwa," karani alijibu akifuta miwani. "Hii karatasi ikimwunguza mtu, haina kesho kutwa. Basi tunaiacha ipoe. Na tafadhali, Daktari, usinimalizie faili zote Jumatatu. Mimi Alhamisi nitakula nini?"

Jioni baba alimwigiza mezani, mpaka ile namna ya kufuta miwani. Mama alicheka, lakini akasema huyo mzee ana akili. Baba akasema akili ya konokono.

Mimi pia nilikuwa na ugonjwa wangu pale ofisini. Baba alikuwa akinisomea ripoti, mimi napiga, na mara nyingine vidole vyangu viliongeza jambo. Siku moja niliandika kwamba mkono wa mtu mmoja ulining'inia kama tawi lililopigwa na radi. Baba alilisoma, akaichana karatasi taratibu.

"Andika urefu wa kovu," akasema. "Radi tuwaachie watu wa hali ya hewa."

Wiki ya tatu, Jumatano, alikuja mzee kutoka Kaptagat. Alikuwa mtu wa rika la baba, mrefu, amevaa koti zito ambalo halikuwa lake, maana mikono ya koti ilimfika kwenye vidole. Gambuti zake, viatu virefu vya mpira, alikuwa amezifuta kwa majani pale nje. Niliyaona majani kwenye ngazi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, kwenye msumeno mkubwa, na miezi michache nyuma gogo lilibiringika likamgonga mkono wa kulia. Barua ya kiwanda ilikuwa ndani ya faili. Ilisema wazi: daktari akisema ni mzima, Jumatatu arudi mahali pake penye msumeno. Akisema si mzima, alipwe fidia na aiachie kazi.

Mzee alivua kofia. Baba akasimama, ingawa magoti yalimuuma, akampa mkono. Mzee akaupokea kama watu wenye adabu wanavyompokea mkubwa: mkono wa kulia mbele, wa kushoto umeshikilia kiwiko chake, kichwa kimeinama kidogo.

"Chamgei, Mzee," baba akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei, Daktari."

"Habari ya mkono?"

"Mkono iko mzuri. Mungu amesaidia."

Baba aliivuta mikono ya koti juu kidogo, akaliangalia kovu. Lilikuwa limefunga vizuri. Picha ya eksirei ilisema mfupa umeunga. Akamwambia afunge ngumi, naye akafunga, polepole, huku akitabasamu. Akamwuliza kama ana neno lolote la kusema. Mzee akasema neno lake ni shukrani tu, kwa sababu hajawahi kupokewa na daktari aliyesimama. Akaweka dole gumba kwenye fomu, akavaa kofia, akaenda. Sidhani zilipita dakika kumi.

"Mzima," baba akanisomea. "Anafaa kurudi kwenye kazi yake ya zamani."

Nikapiga taipu. Akatia sahihi. Karani akailaza faili kwenye kisanduku. Na baba, ambaye alikuwa amemaliza tena mapema, akaanza kumpima karani presha bila kuombwa.

Kesho yake saa saba nilipotoka kwenda kula, nilimkuta mzee yule ameketi kwenye ngazi. Alikuwa ameshuka na lori la mbao asubuhi. Begani, upande wa kushoto, alikuwa amening'iniza kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala humo na mkaa wa mti mpaka yakawa na rangi ya mawingu ya mvua.

"Nimeletea daktari," akasema. "Juzi sikukuja na kitu. Hiyo ni aibu."

Hakuwa amekuja juzi, alikuja jana, lakini sikumsahihisha. Nikaikimbilia salamu, mkono wangu mbele. Naye akanipa wake. Wa kulia mbele, wa kushoto umeshikilia kiwiko, kichwa kimeinama.

Nikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa! Mtu wa rika la baba yangu hamsalimu msichana hivyo. Ni mimi niliyepaswa kujishika kiwiko na kupiga goti.

"Mzee, unanitania? Mimi ni mtoto tu!"

Akacheka pia, akaona haya, akaondoa mkono wake wa kushoto. Na hapo wa kulia ukaanguka. Nilikuwa bado sijauachia. Ulitoka kwenye vidole vyangu wenyewe, bila kuninyang'anya, kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Aliudaka upesi, akauingiza mfukoni mwa lile koti, akaanza kuniuliza kama mvua imenyesha mjini.

Nilikipeleka kibuyu ndani. Nilipotoka tena ili nimwite, lori lilikuwa limekwisha kumchukua.

"Baba," nikasema, "yule mzee wa jana hawezi kuuinua mkono."

"Nani kasema? Alinisalimu vizuri."

"Aliushikilia kwa mkono wa pili."

"Hiyo ni heshima, binti yangu. Nilidhani tumekufundisha."

"Amenisalimu na mimi hivyo hivyo. Mimi!"

Karani alishusha miwani. Baba akamimina mursik kwenye kikombe, akanywa, akabaki na mstari wa kijivu juu ya mdomo. Alipozungumza, hakuwa akizungumza nami hasa.

"Mkono wake ulikuwa mlegevu. Nikasema, ona mtu mwenye adabu, hanibani vidole." Akakigeuza kiganja chake, akakitazama kana kwamba kilikuwa cha mtu mwingine. "Miaka yote hii. Foleni mpaka getini."

Kisha akamgeukia karani. "Faili ya jana iko wapi?"

"Inapoa," karani akasema, bila hata tone la kejeli, na nilimpenda kwa hilo.

"Usiipeleke."

"Siipeleki. Lakini Daktari, kiwanda nacho kimeandika. Wasipopata barua yetu, watahesabu ni mzima, Jumatatu wanamweka kwenye msumeno. Lazima barua nyingine iende kwa posta ya kesho."

"Basi mwite kesho asubuhi," nikasema.

Baba akatikisa kichwa. "Nikimwita hapa atakuja na koti lile lile, na adabu ile ile. Nitamfuata kwake."

Ijumaa tuliondoka mapema na Pijo yetu, gari kuukuu ambalo milimani lilikohoa kuliko mgonjwa yeyote. Baridi ya Kaptagat ilitupokea kabla ya watu. Ukungu ulikuwa bado umekaa kati ya misonobari, na hewa ilinukia unga wa mbao, harufu tamu ya mti uliofunguliwa. Kwa mbali tulisikia msumeno wenyewe. Ulilia kwa sauti moja ndefu, ukashuka ulipoliingia gogo, ukapanda tena. Baba alizima gari akausikiliza.

Nyumba ya mzee ilikuwa ya mabanzi, mwisho wa safu ya nyumba za wafanyakazi. Mkewe alikuwa nje akisugua sufuria kwa majivu. Alipoambiwa huyu ndiye daktari, alisimama, akajifuta mikono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kiwandani:

"Kumbe daktari pia anatembea! Mimi nilifikiri mnatoa mihuri tu!"

"Mama, nyamaza," mzee akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa shati tu, na haraka haraka akataka kurudi ndani.

"Usiende kuchukua koti," baba akamwambia. "Nimekuja kuona ng'ombe."

Sikujua kama alikuwa amepanga kusema hivyo. Lakini kweli kulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi amefungwa kando ya nyumba, na ubavuni mwake ndama. Baba ni mtoto wa wakulima. Alimtazama ng'ombe mara moja tu, kisha akamzunguka ndama, na kumzunguka tena. Alikuwa ndama wa ajabu. Mgongo ulikuwa bapa kama meza, shingo imejaa, manyoya yanang'aa. Mama yake alionekana mtumishi wake.

"Huyu ndama anakula nini?"

"Huyo?" mkewe akasema. "Huyo ni mwizi. Maziwa yote ni yake. Hii ng'ombe ina kichwa, Daktari, ikiguswa na mtu mwingine inapiga teke. Inakubali mzee peke yake. Na mzee sasa anakamua na mkono moja, anachoka, anaachia ndama. Tangu gogo lianguke, ndama ananenepa, sisi tunakonda."

"Mama! Huyu ni daktari."

"Si ndiyo nasema kwa daktari! Ulitaka niambie nani, polisi?"

Nilimwona baba akiuma mdomo asicheke. Akaomba kigoda. Akaketi karibu na ng'ombe kama mtu aliyealikwa, akasema, "Mzee, hebu nikaribishe maziwa ya moto."

Mzee hakuweza kumnyima mgeni maziwa. Akachuchumaa. Mkono wa kushoto ukaanza kazi, mzuri, wenye mapigo ya mtu aliyekamua maisha yake yote, na maziwa yakaimba kwenye ndoo. Mkono wa kulia aliuinua kwa ule wa kushoto, akauweka kwenye chuchu ya pili. Vidole vikajikunja. Vikajaribu. Havikutoa hata tone. Alifanya hivyo mara ya pili na ya tatu, bila kuangalia upande wetu, kisha akauacha ukae pale kwenye kiwele kama mgeni aliyefika chakula kimekwisha na hataki kuwasumbua wenyeji.

Baba hakuitazama saa. Nakumbuka hilo kuliko mengine yote. Jua lilipanda juu ya misonobari, ng'ombe akacheua, na yeye ameketi tu. Mzee alipochoka, baba aliuchukua ule mkono akauweka juu ya goti lake mwenyewe. Aliomba uzi. Mke wa mzee akaleta uzi wa kushonea magunia. Baba akauzungusha kwenye mkono wa kushoto chini ya kiwiko, akafunga fundo kuweka alama ya unene. Akauzungusha kwenye wa kulia mahali pale pale, na fundo likabaki mbali, uzi umelegea. Nyama ilikuwa imepungua, imekimbia chini ya ngozi. Akamchoma kwa ncha ya kijiti kidole kwa kidole, mzee amefumba macho, akisema ndiyo hapa, na hapana pale.

"Mfupa umepona," baba akasema hatimaye. "Mshipa wa fahamu haujapona. Kwa nini hukuniambia?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Uliniuliza habari. Mtu akiulizwa habari anasema nini? Anasema mzuri. Halafu wewe ulisimama, na magoti yako ni mbaya, niliona. Nikunyime mkono?"

"Na Jumatatu? Ungeenda kwenye msumeno?"

"Ningeenda."

"Na mkono huu?"

Mzee akafikiri. "Huo msumeno hauna heshima, Daktari," akasema. "Hapo ndiyo nilikuwa na wasiwasi kidogo."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikubwa chenye machozi ndani yake, na sisi sote tukafuata, hata ng'ombe akageuza kichwa. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akaenda kuchemsha chai. Tulipoinywa chai hiyo, mzee aliipokea yake kwa mkono wa kushoto. Aliomba radhi kwanza. Baba akahamisha kikombe chake, akakishika kwa wa kushoto pia.

Tulifika ofisini saa nane. Baba alinisomea ripoti ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Nilipofika kwenye mkono niliinua vidole, nikangoja, maana nilikuwa na maneno yangu tayari, mgeni, chakula, wenyeji. Baba alinijua.

"Urefu wa uzi," akasema. "Andika urefu wa uzi, kila upande." Akatembea mpaka dirishani na kurudi. "Na andika habari ya ndama."

Karani alisoma nakala akiwa amesimama. "Ndama pia?"

"Ndama ni shahidi," baba akasema.

"Kiwandani watacheka."

"Wacheke. Wakishacheka wataamini."

Baba akatia sahihi, na bila kufikiri akainyoosha faili kuelekea kisandukuni. Wiki tatu tu, naye alikuwa amekwisha kushika desturi! Karani akamshika mkono. Aliichana ile ripoti ya Jumatano vipande vinne, akaiweka barua mpya kwenye bahasha, akailamba, akachukua kofia yake msumarini.

"Hii tutaila moto," akasema.

Kisha mzee yule wa sweta la viraka, ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hata mvua ikimkuta, akashuka ngazi mbili mbili. Tulimtazama kupitia dirisha akivuka barabara mbio, mkono mmoja juu ya kofia, mwingine umeinua bahasha, lori la matofali likimpigia honi.

"Presha yake itapanda," nikasema.

"Nitampima akirudi," baba akajibu. "Nina nafasi."

Kiwanda kilijibu baada ya siku kadhaa: mzee hakurudishwa kwenye msumeno, na fidia ingefuata. Baba naye hakurudi tena nyumbani saa tano asubuhi. Alianza kufika jioni, giza likikaribia, na mama, ambaye alikuwa amemcheka kwa kuwahi, sasa alimgombeza kwa kuchelewa. Alikuwa na faili chache kuliko siku ile ya kwanza, na zilimchukua wiki nzima. Alikuwa akiwaomba watu wafunge kamba za viatu. Akiwapa chungwa wamenye. Akikaa kimya akitazama.

Barua yangu ya chuo ilikuwa imefika, na nilikuwa nahesabu siku zangu za mwisho pale, nilipoona lori likipita na mlango wa mabanzi. Nikaacha taipu. Nyuma ya mlango kulikuwa na kitanda, sufuria, mabati machache, ng'ombe mweusi amefungwa kwa kamba fupi, na ndama ambaye sasa hata lori lilionekana kumbeba kwa shida. Juu ya yote aliketi mama yule wa Kaptagat, amefunga kitambaa kichwani, akimfokea dereva apunguze mwendo. Walikuwa wanahamia Cheptiret. Kikundi chao kilikuwa kimekwisha kugawana shamba.

"Baba! Njoo uone!"

Baba na karani wakaja dirishani, tukajibana watatu. Mzee alikuwa amesimama nyuma, ameegemea ng'ombe. Hakuwa na koti. Alipotuona, aliuinua mkono wa kushoto juu kabisa, akatupungia nao mbele ya mji mzima.

Baba akajibu kwa wa kushoto. Karani akasita kidogo, mtu wa zamani, kisha naye akauinua wake.